Apostili au mihuri ya ubalozi?

Cheti chako cha kuzaliwa kikivuka mpaka, afisa wa huko hana namna ya kujua kama sahihi iliyomo ni ya kweli. Njia za kumtoa wasiwasi ni mbili, na kwa bahati mbaya huchagui wewe. Inategemea nchi unakokipeleka.

Ya kwanza ni apostili, cheti cha kuthibitisha sahihi na muhuri wa hati, iliyozaliwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Mamlaka moja ya nchi iliyotoa hati inabandika kwenye hati hiyo cheti chenye vipengele 10, kichwa chake kwa Kifaransa popote kinapotolewa, na kazi imekwisha. Sharti ni nchi zote mbili ziwe ndani ya mkataba na isiwepo iliyoweka pingamizi dhidi ya mwenzake.

Mojawapo ikikosekana, unarudi kwenye mlolongo wa zamani: kwa kawaida wizara ya mambo ya nje inathibitisha sahihi, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda unathibitisha muhuri wa wizara. Muhuri juu ya muhuri, na mara nyingi ada kila dirisha. Ubalozi ukiwa nchi jirani, ongeza nauli.

Mimi ningeanza kwa kuuliza upya, hata kama ndugu yako alipita njia hiyo juzijuzi. China iliingia kwenye apostili Novemba 2023, Kanada Januari 2024, na ushauri mwingi unaozunguka ni wa kabla ya hapo.

Zote mbili zinathibitisha sahihi na muhuri tu. Uongo ulioandikwa ndani unabaki uongo, na tafsiri, ikidaiwa, ni shughuli nyingine.