Video za kuwinda na shabaha: upakie wapi, ulipie nini

Mwenye chaneli ya kuwinda kwenye YouTube huijua ile dola ya njano. Umetoka porini saa kumi na mbili asubuhi, umekata video usiku kucha, umepakia, na pembeni ya jina lake kinatokea kialama cha njano: matangazo yamebanwa. Hapo ndipo mtu huanza kuuliza, nihamie wapi?

Kwanza jua unakimbia nini. YouTube haijakataza kuwinda. Kinachoponza ni majeraha yanayoonekana wazi na mnyama anayehangaika muda mrefu mbele ya kamera; hapo watangazaji hukaa mbali. Kwa bunduki zenyewe sheria ni kali zaidi. Machi 2018 walizuia video zinazouza silaha au kumpeleka mtazamaji dukani zinakouzwa, pamoja na zinazofundisha kuziunda. Wakati huo Karl Kasarda wa InRange TV, chaneli ya Kimarekani ya bunduki, alipeleka video zake kwenye tovuti maarufu ya ngono, na sababu aliitoa hadharani: alitafuta mahali salama pa kuziweka. Juni 2024 YouTube ikaongeza sheria nyingine. Bunduki iliyotengenezwa nyumbani au inayofyatua mfululizo ikionekana, mara nyingi video hufungiwa walio chini ya miaka 18, na kuonyesha namna ya kuondoa kifaa cha usalama hakuruhusiwi.

Kama unachorekodi ni kulungu, bata na kurekebisha darubini ya bunduki kwa yadi 100, basi usiifunge chaneli yako ya YouTube. Watazamaji wako huko. Unachotafuta ni nyumba ya pili, na hizi hapa nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningetoa muda na pesa yangu mwenyewe. Naishi Texas na nawinda kulungu kila Novemba. Nguruwe mwitu huku huwindwa mwaka mzima, na hao nawarekodi tu. Nyama yao siigusi.

1. Rumble, kwa anayepakia. Ilianzishwa Kanada mwaka 2013 na Chris Pavlovski, na tangu Septemba 2022 hisa zake zinauzwa Nasdaq, soko la hisa la Marekani. Kupakia ni bure. Kati ya hizi zote ndiyo yenye watazamaji wengi wanaofuata mambo ya bunduki, kwa sababu chaneli nyingi za Kimarekani huweka nakala huko. Nilimtumia kaka yangu Tanga kiungo cha video ya dakika tisa, akaifungua kwenye simu bila kujisajili popote. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Ila kuna mtego, nao uko kwenye hatua ya mwisho ya kupakia. Utaulizwa unachagua leseni gani. Kuna inayowapa Rumble haki ya pekee ya kuisimamia video yako, maana yake hata wewe mwenyewe huna tena uhuru wa kuipeleka kwingine. Kuna nyingine inayokuachia haki zako. Watu hubonyeza ya kwanza kwa haraka ya kumaliza, kisha wanashangaa. Soma kila mstari wa ukurasa huo, hata kama chai inapoa. Lingine: Novemba 2022 Rumble ilijifungia yenyewe Ufaransa baada ya serikali ya huko kutaka iondoe vituo vya habari vya Urusi. Ukishaingia nyumba yenye ugomvi na serikali, ugomvi huo unakugusa nawe. Na ukurasa wa mbele umejaa siasa za Marekani. Usitarajie utulivu wa porini.

2. MyOutdoorTV, kwa anayetazama tu. Hapa hupakii kitu, unalipia, kama dola 10 kwa mwezi. Unapata vipindi vya Outdoor Channel na Sportsman Channel, vituo vya TV vya uwindaji vya Marekani, vimepigwa na watu wenye kamera za maana, bila kuhangaika na video za mtu aliyefunga simu kwenye mti. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna utamu wake. Vipindi vya safari za Afrika havikosekani kwenye vituo vya aina hii, na ukikutana na cha Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii uliosimamishwa mwaka 1973 ulirudi 1978, tega sikio kwa msaka nyayo badala ya mgeni mwenye bunduki. Kenya usiitafute, imepiga marufuku tangu 1977. Aliye Nairobi anaweza kulipia kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Lakini piga hesabu ya bando kwanza: saa moja ya picha ya 1080 hula GB 1.5 hadi 3. Shusha hadi 480 na pesa yako itafika mwisho wa mwezi.

3. PeerTube, kwa mwenye mkono wa kompyuta. Hii ni programu huria ya Framasoft, shirika la Ufaransa, toleo la kwanza kamili likatoka 2018. Unaiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi video na kuzituma mtandaoni, na seva za watu tofauti huunganishwa zikaonana. Wanaotazama video moja kwa wakati mmoja hugawana vipande vyake, kwa hiyo seva ndogo haizidiwi upesi. Anayetumia bando azime ugawanaji huo kwenye mipangilio, la sivyo anaweza kulipia data ya kuwapelekea wengine. Ningeiweka ya kwanza kama si kwamba hakuna atakayekuja kwa bahati. Kila mtazamaji utamleta wewe mwenyewe, mmoja mmoja, kwa WhatsApp.

4. Vimeo. Picha safi, hakuna matangazo, na unaweza kuweka neno la siri, jambo linalofaa kwa kampuni ya uwindaji Arusha inayotaka kumwonyesha mteja safari yake bila dunia nzima kuona. Kwa chaneli ya umma sikushauri. Mwaka 2022 baadhi ya wenye video waliambiwa walipe maelfu ya dola kwa sababu watazamaji wao walivuta data nyingi, na mstari uliochorwa ulikuwa TB 2 kwa mwezi, yaani GB 2,000 hivi. Soma pia masharti yao kuhusu silaha kabla hujatoa kadi.

5. Odysee. Ilizaliwa juu ya LBRY, mfumo unaosambaza video kwenye kompyuta nyingi badala ya moja, na ina njia ya kuleta chaneli yako kutoka YouTube bila kupakia upya video moja moja. Lakini kampuni ya LBRY ilishindwa kesi na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani Novemba 2022, baadaye ikafungwa, na Odysee ikapata wamiliki wapya. Weka nakala, usiweke matumaini.

6. BitChute. Iko tangu 2017, na 2025 iliwafungia watazamaji wa Uingereza, nchi ilikotoka, kwa sababu ya sheria mpya ya usalama mtandaoni. Kilichonitoa mimi ni majirani: kando ya video ya bata unaletewa chuki za kila rangi. Siwezi kumtumia mama yangu kiungo cha huko.

Vijukwaa vidogo vya bunduki pekee sikuviorodhesha kwa makusudi. Tovuti za video kama Blip ilifungwa 2015 na Vidme 2017, na hizo zilikuwa kubwa kuliko vijukwaa hivi. Mimi mwenyewe kimoja, ambacho sitakitaja, kilizimika na video zangu arobaini bila hata barua pepe. Zilizopona ni kumi na moja, zile zilizokuwa bado kwenye kadi ya kamera. Siku hizi nina diski mbili za TB 2, moja iko kwa shemeji, na popote ninapolipia nalipa mwezi mmoja mmoja, hata wanaponipunguzia bei ya mwaka.