Nimejifunza pikipiki vyuo viwili hapa Dar, haya ndo niliyoyaona (na kwanini sikuchukua Boxer)

Mimi ni nesi, naishi Chanika, kazi Buguruni. Zamu ya asubuhi ukitegemea daladala inabidi saa kumi na nusu uwe umeshatoka nyumbani, na ukichelewa kidogo ndo hivyo tena unapanda boda ambaye anachomekea malori pale Nyerere Road mpaka unakumbuka madhambi yako yote. Nikasema basi, kama ni kufa si bora niwe nimeshika usukani mwenyewe. Utani huo, ila ndo ulionipeleka chuo.

Chuo cha kwanza sikitaji jina, kiko mitaa ya huku kwetu, bei rahisi, na ndo maana nilienda. Uwanja wa mpira, pikipiki moja toyo imechoka, wanafunzi saba tunapokezana. Nilienda na kandambili siku ya kwanza mwalimu hakusema kitu, helmeti haikuwepo kabisa. Anakaa nyuma yako anashika usukani na yeye, unapiga resi mnazunguka magoli mawili, siku ya tatu akaniambia "dada wewe umeiva, kachukue leseni". Nimeiva na nini? Nilikuwa sijawahi kusimamisha ile kitu bila yeye kuweka miguu chini. Na kitu kilichoniuma zaidi baadae ni kwamba alitukataza breki ya mbele, "msiiguse itawapindua", na sisi tukaitika ndio mwalimu.

Hiyo ya breki ya mbele naomba niiseme vizuri kwa sababu naisikia kwa boda wengi. Ukifunga breki uzito wote unakuja mbele, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami linashika, la nyuma linakuwa jepesi linaserereka. Kwahiyo breki ya mbele ndo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, ya nyuma inasaidia. Inayokupindua ni kuibana ghafla kama unaua mbu, au kuibana ukiwa umeshalala kwenye kona, au juu ya mchanga. Ukiikamua polepole huku unaongeza nguvu, inasimama vizuri sana. Hili nimelijua chuo cha pili, nikiwa nimeshalipa hela mara mbili.

Chuo cha pili ni mbali na nyumbani na bei karibu mara mbili ya kile, na nitakisifia hapa na kukisema pia. Siku ya kwanza hatukuwasha pikipiki. Tuliisukuma, tukaizungusha, tukailaza chini halafu kila mtu aiinue mwenyewe. Kitu kina zaidi ya kilo 100 na mimi ni mfupi, nilijua hapa naaibika, kumbe ni mbinu, unageuka unaipa mgongo unainua kwa mapaja. Siku ya pili klachi tu, kuiachia taratibu mpaka usikie injini inaanza kuvuta, unatembea nayo mwendo wa bibi harusi bila kuweka mguu chini. Halafu kuzunguka koni kwa umbo la namba nane. Ile nane ilinitoa jasho siku nzima, nagonga koni zote, mpaka mwalimu akaniambia mama unaangalia koni ndo maana unaigonga, angalia unakotaka kwenda. Nikainua macho, nikapita. Mpaka leo barabarani kukiwa na shimo nalitazama mara moja halafu natazama pembeni yake, maana ukiling'ang'ania na macho utaingia tu.

Ila kilichofanya nione hela yangu imerudi ni siku ya kusimama ghafla. Mwalimu anasimama mbele, unakuja spidi 30, akishusha mkono unasimama. Mwanzo wote tulimpita. Akatupigia hesabu: ukiwa spidi 50 unakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja, na ile sekunde ya kushtuka bado hata hujagusa breki. Mita 14 ni kosta mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Na spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki kukusimamisha unaongezeka mara nne. Darasani kwetu kulikuwa na boda wa miaka mitano kaja kutafuta leseni, alinyamaza kimya baada ya hiyo hesabu.

Mabaya yao sasa. Helmeti ni mbili kwa wanafunzi wote na zinanuka, mtu ukiwa na nywele zako ndo usiseme. Mwalimu akisema saa mbili jua ni saa tatu. Darasa la alama za barabarani ni asubuhi moja tu, unasomewa bango ukutani. Na barabara kubwa tulitoka siku mbili tu, usiku hapana, mvua hapana. Kwa bei ile walitakiwa waongeze. Bado kwangu nawapa 4 kwa 5, kile cha kwanza nawapa 1 na hiyo ni ya ule uwanja.

Haya, pikipiki. Hapa watu wengi tunakosea kwa sababu tunaanza na dukani wakati ilitakiwa tuanze na leseni. Leseni ya A1 ni ya pikipiki isiyozidi cc 125, ukitaka kubwa zaidi ya hapo unahitaji daraja A. Boxer 150 injini yake ni cc 144.8, kwahiyo ukiwa na A1 ukanunua Boxer 150 wewe huna leseni ya hicho unachoendesha, na siku ya ajali ndo utaelewa. Hili hata muuza duka hakuniambia, yeye alikuwa anasifia tu rangi.

Nilijaribu Boxer ya jirani. Ina nguvu kweli, inapanda na mzigo, spea zipo kila kona na fundi wa chini ya mwembe anaifungua amefumba macho. Mtu wa biashara namuelewa kabisa. Lakini mimi nikikaa nafikisha ncha za vidole tu, na kwenye foleni unasimama mara mia, siku moja unakanyaga kwenye kashimo inakuvuta upande huo inakulalia. Nikachukua TVS HLX 125. Miguu yote miwili inakaa chini, injini ni cc 124 na kitu kwahiyo inaingia kwenye A1, mafuta inakunywa kidogo, kwa kwenda kazini inatosha na chenji inabaki. Kasoro ni kwamba hii yangu breki ni dramu mbele na nyuma, sio diski, inasimama ila unaikamua kweli kweli, kama duka lina yenye diski mbele na hela unayo ongeza tu chukua hiyo. Na kwenye upepo ukipitwa na lori inayumba, hiyo ni ya pikipiki zote nyepesi.

Helmeti nilipigwa. Ya kwanza nilinunua kwa machinga elfu ishirini, nzuri ina kioo cheusi, kufika nyumbani nabonyeza ndani hamna povu, ni plastiki na kitambaa. Shemeji yangu ananiambia "shem hiyo ni helmeti ya trafiki tu, unavaa ukimuona". Mimi kazini nawapokea wanaovaa za trafiki, kwahiyo sikucheka. Kuna uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ukaona helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama 42% na ya kuumia kichwa kwa 69%, ila ni ile inayobana mashavu na umeifunga kamba kidevuni, sio iliyoning'inia kwenye mkono. Ya pili nimetafuta yenye lebo ya ECE, alama ya kiwango cha usalama, ile E kwenye duara, nikaitikisa kichwani haichezi, nikalipa. Iliniuma ila nililipa. Viatu nilishakuwa navyo, kandambili zimebaki za bafuni.

Sasa nina miezi mitatu. Nimeanguka mara moja, mchangani karibu na kwangu, spidi ya kutembea, goti limechubuka na saitimira moja imevunjika. Mwanangu mkubwa kila jioni anakaa kwenye siti ya nyuma ikiwa imezimwa anasema mama nipakize mpaka dukani. Nimemwambia asubiri masika yapite kwanza, na kofia yake bado sijamnunulia.