Bima ya kazini na ADHD ya mwanangu: kwa daktari safi, kwenye dawa tumesota

Naandika kwa wazazi wenzangu wa Tanga maana mimi nilipokuwa nahangaika sikupata wa kuniambia. Mwanangu ana miaka 9 na ana ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Mwaka jana shule walikuwa wananiita kila wiki, mara katoka darasani, mara wenzake wamejaza ukurasa yeye ana mstari mmoja na penseli kaitafuna. Mtaani hapa Makorora wakawa wananiambia huyo mtundu tu, mchape. Nilimchapa kweli, na mpaka leo inaniuma.

Bima tunayo ya kazini kwa baba yake, jina naliacha. Upande wa kumwona daktari sina lawama, hapa mjini walimpima masikio na macho kwanza wakaandika rufaa twende Dar kwa daktari wa afya ya akili ya watoto (huku kwetu ukisema daktari wa akili mtu anawaza Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, moja kwa moja, mama mkwe alishtuka ikabidi nimkalishe chini nimweleze), na bima ikalipia yote, sikutoa hata mia. Daktari hakukurupuka, alinihoji karibu saa nzima akanipa na fomu mwalimu ajaze, maana lazima dalili zionekane nyumbani na shuleni pia na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Akaniambia mama, huyu sio mkaidi, ubongo wake unapata tabu kujizuia. Nililia pale pale.

Sasa njoo dirisha la dawa. Kaandikiwa Ritalin, dawa ya hiyo ADHD, dada wa watu akachapa weee, mwisho akanigeuzia skrini nione mwenyewe, "Pole mama, hii haimo kwenye bima yako." Mwanangu saa hiyo kashapanda benchi mara ya tatu. Na dawa yenyewe inadhibitiwa, huipati bila cheti, nimerudi Tanga nimezunguka Ngamiani yote sijaiona.

Tukaomba kibali bima wailipie, wakakataa, kumbe kwenye fomu waliandika "matatizo ya tabia" basi. Nikampigia daktari akaandika upya barua yenye jina kamili la ugonjwa, kwa nini dawa inahitajika na ya miezi mingapi, ndo wakakubali, lakini ilichukua wiki tano na kibali ni cha miezi mitatu tu halafu unaanza tena. Kwa hiyo ndugu zangu someni fomu kabla hamjatoka chumba cha daktari, na ulizeni bima kuhusu dawa kabla ya kupanda basi.

Kinachoniuma zaidi ni vikao vya kumfundisha mzazi, hivyo hawalipii kabisa, tumetoa mfukoni, na nyumbani ndo vimetusaidia kuliko kitu chochote. Nimefundishwa nisimtupie maagizo matano kwa pamoja, nimsogelee, nimtazame, nimwambie moja, akifanya nimsifu hapo hapo. Sasa hivi viatu anavaa mwenyewe asubuhi bila kelele! Dawa nayo inamtuliza darasani ila inakata hamu ya kula, ndo maana nampa akishakunywa uji wake, na kila tukienda kliniki wanampima uzito na presha.

Kibali chetu kinaisha mwezi ujao, fomu ya mwalimu nimeshaipeleka shule tangu jana.