TAHADHARI: Baiskeli ya umeme ya "km 80" imezima Baruti

Wadau, nimepigwa. Naandika kwa hasira na aibu kwa pamoja, na najua wale mlionicheka kwenye lile suala la friji mtacheka tena. Chekeni, ila msome.

Duka lipo Kariakoo. Jina sitaji, shemeji yule wa sheria kanikataza. Nje wamepanga baiskeli za umeme, na mlangoni kuna bango la jedwali. Hilo jedwali ndilo lililonimaliza. Baiskeli tatu, safu kwa safu: mota, betri, umbali, mwendo, bei. Mbili zimejaa X nyekundu, ya tatu tiki za kijani tupu. Mota wati 500, betri ya lithiamu volti 48 ampea-saa 20, umbali km 80. Nikajiona mjanja, eti safari hii nanunua kwa kulinganisha, sikurupuki. Kumbe aliyechora jedwali ni muuzaji mwenyewe, aliyepima ni yeye, na zile mbili zenye X hata dukani hazipo!

Msiseme sikuijaribu. Nimeijaribu. Saa tano asubuhi nikatoka nayo mpaka Mnazi Mmoja nikarudi, taa nne za chaji zote zinawaka, haina kelele, inateleza tu. Nikashuka natabasamu kama bwana harusi. Sikujiuliza kwamba pale ni tambarare, halafu ndiyo kwanza imechomolewa kwenye chaji.

Na kwa nini nilimwamini? Kwa sababu aliniambia kasoro yake mwenyewe. "Kaka, nisikufiche, breki ya nyuma inalia kidogo, nitakubadilishia pedi bure." Mtu anayekutajia ubovu wa bidhaa yake utamshuku vipi? Ikaadhiniwa adhuhuri, akaenda kuswali, akaniacha peke yangu na droo ya hela iko wazi. Mimi nikaona huyu ndiye mtu. Aliporudi nikahesabu 1,650,000, ile ya mchezo ikiwemo (mama Nasra bado hajui yote, tafadhali msinichongee).

Nikaondoka saa kumi. Jangwani safi. Magomeni safi. Manzese taa moja ikazima, nikasema kawaida. Toka Ubungo barabara inaanza kupanda, na hapo ndipo mazingaombwe yalipoanza. Nikivuta mafuta (mnaelewa, mafuta ya umeme) taa zinaanguka mpaka moja, nikiachia zinarudi tatu. Navuta, moja. Naachia, tatu. Kufika Kibo baiskeli ikaanza kukohoa. Kabla ya kituo cha Baruti ikakata kabisa. Nikatazama ramani ya simu: kilomita 11 na ushee. Kumi na moja, ndugu zangu, kwenye 80!

Nikasema basi, si ina pedali. Mnanijua mwili wangu, kilo 92. Lile dude lenyewe zito kama mfuko wa saruji. Nimenyonga, tumbo linagonga usukani, jasho linaingia machoni, basi za mwendokasi zinapita kwenye njia yao na abiria wote wamegeuza shingo. Dogo mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo akaniuliza, "Mzee, nikuazime petroli?" Sikumjibu. Nimeisukuma mpaka Kimara Mwisho.

Kesho yake fundi akavunja kufuli la boksi la betri. Ndani kuna vitofali vinne vimevishwa plastiki ya bluu yenye stika "Lithium". Akachana plastiki. Juu ya kila kitofali pameandikwa 6-DZM-12. Hizo ni betri za risasi na asidi, ukoo mmoja na ya gari, volti 12 kila moja, na ile 12 ya mwisho ndiyo ampea-saa zake. Kwa hiyo badala ya 48 mara 20, yaani wati-saa 960, nimeuziwa 576, na kitofali kimoja kilikuwa kimeshakufa. Kontrola, kile kiboksi kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, nayo imeandikwa 350W. Hiyo mota ya 500 ni ya kwenye bango.

Nikampigia muuzaji. Ananiambia, "Kaka, km 80 ni kwa mtu wa kilo 50 anayesaidia na miguu." Kilo 50! Sasa si uandike kwenye hilo jedwali lako! Nikamtajia betri, akakata, akaniblok.

Mtu wa hivi afungwe. FCC, wale wa Tume ya Ushindani, wapite na lori wazoe kila kitu. Halafu kabla ya jela apewe ile ile baiskeli aipandishe kutoka Ubungo mpaka Kimara, na mimi nimekaa kwenye keria.

Mnaotaka kununua, mambo machache niliyoyajua nikiwa nimeshachelewa. Betri ifunguliwe mbele yako. Mimi niliambiwa ufunguo upo kwa bosi na waranti inakufa ukigusa. Inyanyue: lithiamu ya ukubwa ule ni kama kilo 6 mpaka 8, hizi zangu fundi kapima 17. Soma chaja, yangu ilikuwa imeandikwa "lead acid" wazi kabisa na nilikuwa nimeishika mkononi dukani, mbwa mimi. Ijaribu kwenye mlima, wewe mwenyewe na uzito wako, na uangalie taa ukivuta. Na ukionyeshwa jedwali uliza nani alipima, wapi, na alikuwa na kilo ngapi.

Ripoti polisi nimeshatoa. Baiskeli ipo sebuleni, watoto wanapiga kengele. Leo asubuhi nimechungulia statasi yake kwa simu ya mama Nasra: jedwali ni lile lile, ila sasa limeandikwa km 100.