Uzoefu wangu na huduma ya uuguzi wa nyumbani kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu, Mombasa

Tuliitumia huduma hii kwa muda wote ambao mama yangu alikuwa akipata tibakemikali ya saratani ya matiti, na ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka na anajiuliza kama inafaa kulipa muuguzi aje nyumbani. Kwa maoni yangu inafaa, ila lipo jambo moja ambalo ni lazima ulisimamie mwenyewe.

Daktari alitueleza mapema kwamba dawa zile haziui chembe za saratani tu, bali hupunguza pia chembe nyeupe za damu, hasa nyutrofili, ambazo ni za mwanzo kupambana na vijidudu, na kwamba kwa kawaida hupungua zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Kampuni ilizipanga ziara kwa kufuata hesabu hiyo: siku za hatari muuguzi alikuja kila asubuhi, na chembe hizo zilipoanza kuongezeka tena alikuja mara chache. Gharama ikapungua, nami nikaamini kwamba wanaijua kazi yao.

Muuguzi tuliyeletewa Likoni alituonyesha leseni yake ya Baraza la Wauguzi siku ya kwanza, kabla hatujaiuliza. Kisha akavua saa na pete, akakunja mikono ya sare hadi viwikoni, akaomba amiminiwe maji kwa kata kwa kuwa mfereji wetu ulikuwa mkavu. Alisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, na vidole gumba kimoja kimoja, kwa muda unaokaribia dakika nzima, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza sekunde 40 hadi 60, halafu akajikausha kwa karatasi ya kutupa badala ya taulo letu la pamoja. Kila ziara alifanya vivyo hivyo, na watoto wa nyumbani wakaiga. Kinywa cha mama alikikagua kwa tochi, maana vidonda vya kinywani ni njia ya vijidudu kuingia kwenye damu. Katika chakula hakuwa na ukali usio na sababu: matunda aliruhusu, mradi yaoshwe kwa maji safi na kumenywa, na mbaazi za nazi pia, zikiwa zimetoka jikoni zikichemka, lakini kachumbari, achari na juisi za barabarani alizikataza kabisa.

Nililohofia zaidi ni wageni. Kuzuriwa ni haki ya mgonjwa, na kwetu Pwani nyumba yenye mgonjwa haikosi watu. Kuwafukuza kungemvunja mama moyo kuliko maradhi yenyewe. Muuguzi alimwambia, “Mama, wageni wako hatuwazuii. Tutawaketisha barazani, nawe ukae hapa dirishani mzungumze.” Salamu zikawa za mdomo, bila kupeana wala kubusu mikono, na mwenye mafua aliombwa kwa adabu atume salamu kwa simu. Hakuna aliyenuna, na mama aliendelea kupata habari zote za mtaa.

Usiku mmoja kipimajoto kilisoma nyuzi 38.4. Dada yangu alikuwa tayari ameshika vidonge vya kutuliza homa, lakini muuguzi wa zamu, aliyepokea simu mara moja, alituzuia, kwa sababu vingeshusha joto na kuficha maambukizi kabla daktari hajamwona. Alisema kwamba kwa mgonjwa wa namna hii homa ni dharura hata kama anaongea na kucheka, kwani nyutrofili zikiwa chache hata usaha na uvimbe huenda visionekane. Alituhimiza tuende kivukoni, tuvuke kwenda hospitali bila kungoja kupambazuke, naye akapiga simu hospitali ili wajiandae. Antibiotiki ya mshipani ilianzishwa ndani ya saa moja tangu tufike. Nyutrofili za mama zilikuwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, yaani chache mno. Kwa simu hiyo pekee, sijutii senti hata moja niliyolipa.

Kasoro ilijitokeza muuguzi wetu alipokwenda likizo. Aliyeshika nafasi yake alifika akikohoa, hajalisoma faili, akatuuliza mama anaumwa nini. Sikumruhusu avuke kizingiti, kwa kuwa kwa mtu asiye na kinga ni heri akose muuguzi siku moja kuliko kuletewa muuguzi mgonjwa. Kampuni iliomba radhi na kumleta mwingine jioni ile ile, lakini fedha za ziara iliyoharibika zilirudi baada ya kufuatilia sana.

Hili ndilo la kusimamia. Kabla ya kutia sahihi, dai iandikwe katika mkataba kwamba utajulishwa mapema nani atashika zamu, kwamba atapokezwa faili na muuguzi anayeondoka, na kwamba mwenye dalili zozote za mafua, homa au kuhara hatatumwa kwako. Sisi tuliyaongeza hayo baada ya tukio lile. Meneja aliyakubali bila ubishi, na mpaka mama alipomaliza dawa hayakuvunjwa.