CD ya Pretty Yende, A Journey: naipima kwa sikio la mwalimu wa sauti ya kwanza

CD hii nililetewa na mdogo wangu aliyekwenda Cape Town kikazi. Ilifika hapa Shangani, Mtwara, imeviringishwa ndani ya kitenge, kasha lina ufa pembeni, diski yenyewe salama. Ni A Journey ya Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini, iliyotolewa na Sony Classical mwaka 2016. Yote ni nyimbo za opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, kwa Kiitaliano na Kifaransa. Mimi nafundisha sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana ya parokia, kwa hiyo nilipoiweka kwenye deki nilikuwa na swali moja tu: binti wa miaka 17 wa hapa Mtwara, anayesoma solfa (do, re, mi) ubaoni, atapata nini humu?

Atapata pumzi.

Wasichana wangu wakikaribia noti za juu huinua mabega, shingo inakaza, kisha wanasukuma kwa koo. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na mwalimu kwamba sauti yangu nyembamba, nipaze zaidi, nikapaza mpaka Pasaka ikanikuta sauti imekauka kabisa. Yende hapazi. Sauti yake ni nyepesi na ina mng'ao, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kufunguka. Sikilizeni wimbo wa Rosina kutoka opera ya Rossini ya kinyozi wa Seville. Rossini aliuandikia sauti iliyo chini kuliko soprano, na masoprano wengi huupandisha nusu toni ili wapate nafasi ya kupamba huko juu. Zile noti ndogo ndogo zinazokimbizana, ambazo wenyewe huziita koloratura, kwa Yende kila moja inasikika peke yake, kama punje za mtama zinazodondoka kwenye ungo. Niliwapigia vijana Alhamisi moja ya mazoezi, na binti mmoja wa kutoka Chikongola akauliza: “Mwalimu, huyu dada anapumua wapi?” Tukarudisha nyuma mara tatu, kila mtu kainua kidole kuhesabu. Sijawahi kupata swali zuri kama hilo kwa miaka yote niliyofundisha.

Jina la albamu maana yake ni safari, na nyimbo zilizochaguliwa zinafuata hatua zake za mwanzo. Yende alizaliwa mwaka 1985, akakulia Thandukukhanya, karibu na Piet Retief, akiimba kanisani na nyumbani na familia yake. Akiwa na miaka 16 alisikia kwenye televisheni tangazo la British Airways lenye wimbo wa wanawake wawili, akaenda kumuuliza mwalimu wake shuleni ni kitu gani kile. Akajibiwa ni opera. Alikuwa na mpango wa kusomea uhasibu, akauacha. Akasoma muziki Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya Virginia Davids, kisha akaingia chuo cha jumba la opera la La Scala kule Milano, Italia. Mwaka 2009 akashinda mashindano ya waimbaji wa opera ya Belvedere, na mwaka 2011 yale ya Operalia.

Wimbo ule wa tangazo umo humu. Ni wa opera ya Lakmé ya Delibes, Yende akiimba na Kate Aldrich mwenye sauti ya chini yake, na kwangu ndio ulioilipa CD nzima. Wanawake wawili wanateremka mtoni kuchuma maua. Sehemu kubwa mmoja akishika so, mwingine yuko mi, wanashuka pamoja na kupanda pamoja, wala hakuna anayemfunika mwenzake. Kwenye kwaya zetu soprano na alto hushindana mpaka maneno hayasikiki. Huu nimewasikilizisha wasichana mpaka wameanza kuuvumisha wakichota maji.

Upo pia wimbo wa kutoka Le Comte Ory ya Rossini, na huo siwezi kuusikiliza bila kukumbuka Januari 2013. Yende aliitwa Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, kushika nafasi ya mwimbaji mwingine, akajifunza sehemu hiyo kwa muda wa wiki moja hivi. Usiku wa kwanza, alipoingia jukwaani tu, akajikwaa akaanguka mbele ya watu wote. Akainuka, akaimba. Watu wakamshangilia. Vijana wangu wanaogopa kusimama mbele hata Jumapili ya kawaida, kwa hiyo kisa hiki nimewasimulia wote.

Mahali ambapo sikuridhika ni wimbo wa kutoka Lucia di Lammermoor, opera ya Donizetti. Lucia anasimulia mzuka aliouona kwenye chemchemi, na hapo nilitaka giza kidogo kwenye sauti. Yende anang'aa mno, na zile noti za chini hazina uzito wa kuniogofya. Na nimesikitika kwamba hakuna hata wimbo mmoja wa Kizulu au tenzi ya kanisani. Safari iliyoanzia kanisani ingestahili angalau mmoja.

Orkestra ni ya redio ya Italia, RAI, akiongoza Marco Armiliato, na inamsubiri mwimbaji vizuri anapovuta pumzi. Ila msiisikilize kwa spika ya simu. Nilijaribu siku umeme ulipokatika, noti za juu zikawa kama bati linalokatwa na vyombo vyote vya orkestra vikapotea. Deki au hedifoni nzuri, basi.

Walimu wa kwaya wa Mtwara na Lindi, kama mnaye ndugu anayesafiri, mwagizeni. Hii yangu siiazimi. Anayetaka kuisikia aje Shangani jioni, baada ya saa kumi na moja, deki iko sebuleni.