FreePBX na Linphone kwenye duka la spea Kirumba: namba moja, inaita kila mahali

Nina duka la spea za injini za mitumbwi hapa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni. Wateja wangu wengi hawafiki dukani. Wanapiga kutoka visiwani, Nansio, Ukara, Kome, hadi Goziba, na mtu ambaye injini imemzimikia hana subira: usipopokea, anapiga duka la pili. Ndiyo maana nilitaka namba ya duka iite kwa pamoja kaunta, stoo, kwenye kompyuta ya mhasibu na kwenye simu yangu ya mkononi, atakayewahi apokee.

Tumefunga FreePBX, programu ya bure ya kupokea na kugawa simu za ofisi, iliyojengwa juu ya Asterisk, programu ya simu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Inakaa kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa haina kazi ofisini, ambayo sasa ndiyo seva yetu. Kaunta kuna simu ya mezani ya Grandstream. Sisi wengine tunatumia Linphone, programu ya kupiga na kupokea simu kwenye kompyuta au simu ya mkononi, nayo ya bure, inayotengenezwa na Belledonne Communications ya Ufaransa.

Kufanya ziite pamoja si kazi ngumu. Kila kifaa kinapewa namba yake ya ndani, halafu namba zote zinaingizwa kwenye kundi moja na unachagua ziite zote. Ipo pia njia ya kuweka akaunti moja kwenye vifaa vyote, lakini mimi siipendi, maana ripoti inaonesha namba moja tu na hujui nani alipokea. Nami nataka kujua bei imetajwa na nani.

Watu wakisifia mifumo hii husifia inavyoita. Kwangu mimi ubora wake uko kwenye kunyamaza. Kijana wa kaunta akipokea, seva inatuma ujumbe wa kufuta kwa vifaa vingine, vinanyamaza papo hapo. Ila ukiachia hapo, kila kifaa kilichonyamaza kinaandika kwamba kuna simu haikupokelewa. Mteja wa Ukara ameulizia impela ya pampu ya maji, amehudumiwa, amekata. Baadaye kidogo stoo wanaona alama nyekundu, wanampigia. Mhasibu naye anampigia. Mmoja anamtajia bei ya orijino, mwingine ya ile ya kawaida, na mteja anaona tunamzungusha. Dawa ipo kwenye mipangilio ya kundi: washa Mark Answered Elsewhere. Hapo ujumbe wa kufuta unabeba taarifa kuwa simu imeshapokelewa kwingine, na kifaa kinachouelewa hakiweki alama yoyote. Fundi yeyote akikuuzia mfumo kama huu, kabla hujamlipa mwambie apige, pokea kwenye simu moja, kisha fungua orodha ya simu kwenye zile nyingine uone zimeandika nini.

Wengi wananiuliza kama vifaa vinne vikiita vinakula bando mara nne. Hapana. Kuita ni ujumbe mdogo mdogo tu. Mazungumzo yanapita kwa yule aliyepokea peke yake. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, dakika moja ni kama MB 1.3, kwenda na kurudi.

Udhaifu upo. Simu nyingi za Android huzima programu zilizotulia ili kutunza betri, na Linphone ikizimwa haiiti. Nimeiruhusu kwenye mipangilio ya betri ifanye kazi bila kizuizi, lakini bado ninayoitegemea ni ile ya mezani. Umeme nao ukikatika, ruta na kompyuta zikazima, hakuna kinachoita popote, kwa hiyo UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ingiza kwenye bajeti tangu mwanzo. Na tafadhali sana, usifungue poti 5060, mlango wa mtandao ambao seva za simu huutumia, kwa dunia nzima ili tu upokee simu ukiwa nyumbani. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibahatisha nywila za seva za simu. Zikipata, wenye programu hizo wanapiga nje ya nchi kwa gharama yako. Mimi nikiwa nyumbani Pasiansi naingia kwanza kwa VPN, njia ya siri ya kuunganika na mtandao wa duka.

Duka la mtu mmoja halihitaji haya yote. Kama mko watatu na stoo iko mbali na kaunta, nawapendekezea bila kusita. Muda wa kuita uongezeni kidogo: sisi tumeweka sekunde 30, maana wa stoo mara nyingi yuko juu ya ngazi na boksi la propela mikononi.